Lambo Lililoua Ng'ombe wa Mzee Kahindi

Malindi, Alhamisi, Februari 1986

Joto la leo halina adabu. Kaskazi imevuma tangu asubuhi lakini haipozi kitu, inapeperusha vumbi tu. Nimerudi kutoka Jilore na mchanga masikioni na hasira ambayo hata kuoga hakujaiondoa. Mama ameniuliza kama nitakula, nikamwambia sina njaa. Njaa ninayo. Ila nikiketi naye nitasimulia, na nikisimulia nitatukana, na mama hapendi matusi baada ya magharibi.

Basi nitukane humu.

Yuko mjinga wa kukosa kufunzwa; huyo simlaumu, wote tulizaliwa hivyo. Yuko mjinga wa kujitakia, anayeufuga ujinga wake na kuulisha kwa sababu unamfaa. Diwani wetu ni wa aina hii ya pili. Ana shingo nene, sauti ya kuazima na suti ya sufu ambayo huivaa juani ili watu wajue anayo.

Juma lililopita Mzee Kahindi, mfugaji wa kule Jilore, aliwapeleka ng'ombe wake lamboni kunywa, kama alivyozoea. Lambo lenyewe ni bwawa la udongo lililochimbwa kwa trekta ya serikali. Diwani huliita "lambo langu", na mwezi ujao anamleta mgeni mkubwa kulifungua rasmi. Ng'ombe walikunywa. Mzee hajamaliza kusokota tumbaku yake, wa kwanza akaanza kuyumba kama mlevi. Nyama ikamtetema chini ya ngozi, akaanguka, akahema kwa mdomo wazi, kisha hakuhema tena. Wenzake wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, palepale ukingoni. Walionusurika ni ndama waliobaki zizini.

Mimi ndiye daktari wa mifugo niliyetumwa. Nilipofika sikuhitaji kutafuta sana. Upepo ulikuwa umeusukuma uchafu wote wa bwawa hadi ukingo wa kusini, walikonywea wale ng'ombe, na pale maji yalikuwa yamefunikwa na utando mzito wa kijani, kama rangi ya mlango iliyomwagika. Ulipokauka juu ya matope ulikuwa umeacha ukoko wa buluu. Ukingo wa kaskazini maji yalikuwa maangavu kabisa.

Watu huuita mwani. Ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kimoja kimoja, vinavyoshamiri jua likiwa kali, maji yakiwa yamesimama na samadi ikiwa imesombwa humo. Baadhi yavyo hutengeneza sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Ubongo unaamuru pumzi, lakini misuli ya kifua haitii. Mnyama yu macho, moyo unapiga, anakuona unavyomtazama, ila hewa haiingii. Dawa ya kuizuia sina mimi wala hana mwingine.

Bosi wangu aliponisikia alicheka kwa pua.

"Binti, andika kimeta tuendelee na kazi."

Nilikuwa nimeitazama damu ya wale ng'ombe kwenye darubini na hamkuwa na kimeta. Nilimwambia. Akaniuliza ninaolewa lini.

Hilo ningelimeza, nimemeza makubwa kuliko hilo. Lakini kule Jilore Diwani alikuwa ameshapata mkosaji wake. Upande wa kaskazini wa lambo anakaa Mutua, mchoma makaa aliyehamia kutoka Ukambani miaka mingi iliyopita, yeye na mkewe Kamene. Ana ng'ombe wawili na mbuzi, nao hunywa ukingo ulio karibu na nyumba yake, ule wenye maji maangavu. Hawakufa. Kwa Diwani huo ndio ushahidi: ng'ombe wa mwenyeji wamekufa, wa mtu wa bara wako hai, basi mtu wa bara katia sumu. Hivyo bwawa lake likabaki na jina safi kwa mgeni wake. Juzi vijana wakalibomoa jiko la Kamene, kibanda cha fito na udongo, na kumwambia Mutua kwamba baraza la Chifu likiisha leo asionekane tena.

Jiko. Wanaume wazima, mashujaa, wamepigana na jiko la udongo.

Leo asubuhi nilipita Muyeye nikanunua vifaranga, kisha nikaenda kumchukua Chifu na Mzee Kahindi. Chifu sikuwa nikimdhania kitu. Mtu wa kuitikia tu, kofia yake ina msimamo kuliko kichwa kilichomo. Nilimwomba baraza lifanyike kandokando ya lambo, akakubali kwa sababu kukataa kungemtaka afikiri. Kabla ya kwenda huko nikawapitisha wote wawili kwenye shamba la Diwani. Nilikuwa nimeambiwa kwamba naye ana kidimbwi chake, na nilitaka kujua kina rangi gani.

Kimezungushiwa seng'enge, na mlinzi analala getini. Kilikuwa kijani vilevile. Tulipokuwa tukiteka maji, mlinzi akatueleza bila kuulizwa kwamba bata wa mheshimiwa walikufa wote tangu juma lililopita, na yeye ndiye aliyeamrishwa kuwafukia.

Diwani alijua.

Mtu huyu aliwaona bata wake wamekufa kwenye maji yenye rangi ileile, nyuma ya seng'enge ambayo Mutua hajawahi kuivuka, kisha akaenda kusimama mbele za watu na kumtaja Mutua. Nimejaribu kutafuta neno la mtu kama huyo. Mnyama halifai, wanyama nawatibu kila siku, nawajua.

Barazani alinena kwa muda mrefu. Mutua na Kamene walisimama peke yao, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana karibu nao. Nilipopewa nafasi nilimwomba Mzee Kahindi ateke maji kwa mkono wake mwenyewe, ya ukingo wa kusini na ya kaskazini. Nikamdunga kifaranga mmoja maji ya kusini, mwingine ya kaskazini, na wa tatu maji ya kule kidimbwini kwa Diwani. Aliyepata maji ya upande wa Mutua akasimama, akajikung'uta, akaanza kudonoa mchanga. Wale wengine shingo zilijipinda nyuma, midomo ikaachama, miguu ikanyooka. Watu walisogea kutazama, kisha wakarudi nyuma.

"Wamekufa kwa sumu," akasema Diwani. "Si ndiyo ninayowaambia? Sumu ya Mutua."

Nilifungua mdomo, lakini Chifu alinitangulia. Alisema polepole, kama mtu anayeonja chakula asichokijua.

"Mheshimiwa, huyu wa mwisho amedungwa maji ya kwako. Nimeyaona yakitekwa. Na bata wako nao aliwaua Mutua?"

"Bata ni bata," akasema Diwani.

Hilo ndilo jibu lake. Bata ni bata. Mtu huyu anatuwakilisha.

Watu wakaanza kugeuziana nyuso. Mwanamke mmoja akacheka, na kicheko chake kikawaruhusu wengine. Diwani akakisubiri kipite, akafunga kifungo cha koti, akatangaza kwamba, kama alivyokuwa akishuku tangu mwanzo, serikali imegundua maradhi ya maji na yeye binafsi atahakikisha lambo linasafishwa. Akapigiwa makofi. Si mengi, lakini yalikuwepo, na wengine waliopiga ni walewale waliobomoa jiko. Niliwatazama mmoja mmoja hadi wakaiacha mikono yao ikaanguka.

Nikawaeleza wasinyweshe mifugo hapo, wala wasinywe wenyewe hata wakichemsha, kwa maana moto hauiondoi sumu hiyo, na wasiamini ukingo wowote, kwani upepo ukigeuka utando nao utahama. Wangoje mvua kubwa ilijaze bwawa upya, nami nitarudi kuyapima maji. Chifu akaamuru lizungushiwe miiba pande zote. Akaagiza pia mifugo inyweshwe mtoni. Yeye Chifu. Huenda nitalazimika kumfikiria upya, jambo linaloniudhi.

Kamene akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani atakayelijenga jiko lake. Wale vijana walitazama chini. Hakuna aliyemwomba radhi, si yeye wala mumewe. Hatimaye Mzee Kahindi, ambaye hana deni lolote kwao, akawaambia wanawe wakakate fito.

Nilikuwa napanga vitu vyangu kwenye Landrova mzee alipokuja kusimama kando yangu. Nilimwamkia upya, akaitikia. Aliutazama ule ukingo wa kusini.

"Mwanangu," akasema, "palikuwa na mmoja mwekundu, mwenye pembe iliyokatika. Alikuwa ananitazama tu. Niliinama nikamshika kichwa, akawa ananitazama. Alikuwa akiumia?"

Nilijua jibu. Nimeliandika hapo juu, kwa mkono huuhuu.

"La, mzee," nikamwambia. "Sumu ile hulevya kwanza. Alikuwa kama amelala."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, akashukuru, akaenda kuwasaidia wanawe.

Siku nzima nimewatukana waongo, wa suti na wa ofisini. Mzee yule ndiye mtu pekee aliyeniuliza leo swali kwa kutaka kujua, na yeye ndiye niliyemdanganya. Nimejaribu kulijutia, siwezi. Je, akiniuliza tena nitakaporudi, nitamwambia nini?