Suruali ya Balozi

Temeke, Jumanne usiku

Suruali ilikuwa fupi kweli, hapo sirudi nyuma. Balozi wetu wa nyumba kumi alikipangia foleni kitambaa kile, na mume wangu kakikata vibaya. Lakini mie kumwambia pale barazani, mbele ya Balozi na wateja, "Fundi gani wewe, mkono kama wa mlevi!"

Wakacheka wote.

Saidi, mume wangu, akavua kofia, akaniinamia kama mie ndiye mkubwa wake. "Shikamoo, Mwenyekiti." Akarudi kushona mpaka tunafunga cherehani.

Nyumbani akambeba mtoto ili nipate kupika, kama siku zote. Hapo ndipo aibu iliponishika hasa.

Ningemwomba radhi sasa hivi, humu chumbani, ingekuwa rahisi. Ila nimemvunjia heshima barazani, mbele za watu. Kesho nitamwomba palepale, Balozi akiwepo. Wakicheka, wanicheke mie.