Uliyesindikizwa Hadi Langoni

Mdogo wangu Kamugisha,

Taata tumemzika jana kibanjani, kati ya migomba na mibuni yake. Watu waliniuliza mwanawe yuko wapi, nikawajibu yuko Uganda, utadhani naijua hata nyumba unayolala. Nimekukasirikia tangu alipozidiwa. Leo nimechoka kukasirika, nina huzuni tu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiifundisha migomba kusoma? Kila mgomba ulikuwa na jina, na usiosikiliza ulichapwa fimbo. Taata alikucheka, lakini ulipopata nafasi chuo cha ualimu Bukoba, yeye ndiye aliyetangulia mbele na sanduku lako kichwani mpaka Muleba kwenye basi.

Na mwaka wa kwanza haujafika hata nusu, tukakuona umerudi Kishanda mikono mitupu. Nilikuwa namenya ndizi. Nikakuuliza, "Mmefunga?"

"Hapana, dada. Mkuu wa chuo amenisindikiza."

"Na sanduku?"

"Mtu akishasindikizwa anarudije kuchukua vitu?"

Ukatueleza kuwa hesabu zilikushinda. Mkuu, yule Mzungu, alikuita mkatembea taratibu, akakutajia kila ulipoanguka, akasema ukiendelea hivyo hutamaliza mwaka. Mlipofika langoni ukainama, ukamshukuru, ukashika njia. Ilikuwa Jumamosi, naye akadhani unakwenda matembezi. Kwetu mwenye nyumba akikutoa mpaka njiani ameshakuaga, na kurudi ni kukosa adabu. Taata alisema tu, "Amekuaga kwa heshima, mwanangu. Basi." Hakuna aliyebisha. Nilikupikia, ukala kidogo ukanawa.

Hukukaa sana, ukaenda Uganda kulima pamba za watu. Ulikuwa umeshauvuka mpaka mkuu alipofika kwetu mwenyewe, sanduku lako likiwa nyuma ya gari. Alidhani unaumwa. Taata akampa kahawa ya kutafuna, kisha akamwuliza kwa nini alikufukuza.

"Sikumfukuza, mzee," alisema. Akaeleza kwamba kila mwanafunzi mpya anayeanza kushindwa hutembea naye. Wakienda langoni humwonya, wakirudi humwambia atasaidiwa vipi. Wewe alikuwa amekwisha kukutafutia mwalimu wa kukufundisha hesabu jioni. "Mwanao hakungoja njia ya kurudi."

Waitu, mpenzi wetu, ningekuwa na mahali pa kukufuata siku ile ningekwenda kwa miguu. Tulituma maneno kwa kila aliyekwenda Uganda. Hayakurudi, na wewe hukurudi.

Mkuu alipoinuka kuondoka, Taata alibaki kitini. Tangu siku hiyo hakumsindikiza mtu yeyote, hata mchungaji, hata wakwe zake. Aliwaaga mlangoni akarudi ndani. Kishanda nzima walisema mzee amepotewa na adabu, naye hakujitetea. Mimi nilijua ni kwa ajili yako.

Barua hii nampa jirani anayevuka kesho, labda itakufikia. Sanduku lako nimelipangusa vumbi. Sitakudanganya kwamba chuo bado kinakungoja, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini njoo uone kaburi. Sitakuuliza kitu, nitapika kwanza. Na siku utakayotaka kuondoka tena, utatoka mwenyewe. Mimi sitainuka.

Dada yako,
niliyebaki katika nyumba ya Taata