Nusu ya Pili ya Salamu Maria

Kamina, 6 Juni 1948

Kwa yaya yangu Kyabu, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe, na binti yako Léa na watoto wake? Sisi huku tu wazima wa mwili. Ève mke wangu alishikwa na homa siku tatu, ikaisha, na sasa anapalilia mihogo yake na kunigombeza kama kawaida. Samaki uliomkabidhi Sudi mchuuzi walifika, ingawa naona naye alionja njiani.

Yaya, nina neno, na sitalizungusha. Nimechoka na Mungu. Sisemi nimemkana. Nimechoka tu. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko katekista wa kapela hii. Kila asubuhi na kila jioni nagonga kile kipande cha reli tulichotundika kama kengele, watu wanakuja, nasimama mbele, naongoza sala, nafundisha, narudi nyumbani. Maneno yanatoka mdomoni vizuri, lakini ndani hamna kitu. Nikiwa peke yangu sisali tena. Tangu Pasaka sijajaribu hata siku moja. Watu wananiita mwalimu, nami naona haya, kwa sababu nawapakulia chakula ambacho mwenyewe sikionji.

Karani mmoja wa migodi ya makaa kule Luena anatafuta mtu wa kusoma majina ya wafanyakazi kila alfajiri. Amenipa hadi mwisho wa Agosti nimjibu. Nikienda, naacha kapela, na kwa kweli naacha na sala pia. Ève hajui hilo la pili. Wewe ndiwe uliyenilea baada ya mama kufa, nikaona nikuambie wewe kwanza.

Mdogo wako,
Kitwa


Mulongo, 27 Juni 1948

Mdogo wangu Kitwa,

Hamjambo huko? Homa ya Ève isirudi. Hapa tu wazima, miguu yangu inavimba kidogo jioni, ni uzee. Maji yameanza kushuka na samaki ni wengi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika.

Kwanza, haikunishangaza. Sudi alishaniambia: "Mwalimu iko nasema kidogo sana siku hizi. Iko napima neno sawa vile miye niko napima chumvi." Nikajua kuna jambo.

Sasa nami nikuambie ambalo sijakuambia. Mume wangu Kisimba alipozama mtoni, nilikaa karibu mwaka mzima siwezi kusali. Kapela nilikwenda kwa kuogopa maneno ya majirani tu. Nilikaa katikati ya wanawake, midomo imefungwa, wao wakiitika. Siku moja nikajisikia nami naitika. Sijui ilianza lini.

Ndiyo maana nakuuliza hivi. Kwenye rozari, anayeongoza anasema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, ile ya kumsalimu na kumsifu Mama. Watu ndio wanaoitika nusu ya pili: utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Wewe umeongoza miaka kumi na moja, na peke yako husali. Basi Kitwa mwenyewe ameomba lini mara ya mwisho? Unasalimu, unasalimu, halafu unakwenda kulala. Nani asingechoka?

Mpe mtu mwingine aongoze. Wewe kaa nyuma, uitike. Fanya hivyo mwezi mmoja kabla ya kumjibu huyo karani wako. Sikuombi zaidi ya hapo.

Yaya yako,
Kyabu


Kamina, 18 Julai 1948

Kwa yaya Kyabu,

Salamu, na pole kwa miguu. Sisi wazima.

Ulilosema haliwezekani. Hujui gogo la nyuma kapelani kwetu ni la nani. Ni la wale waliokatazwa sakramenti. Mzee Banza, mwenye wake wawili, amelikalia tangu kabla sijafika hapa, na kila mtu Kamina anajua maana yake. Katekista akikaa pale, jua halijazama watakuwa wamekwisha kunitafutia mke wa pili na kumpa jina. Na aongoze nani? Mama Umba? Yule akifika fumbo la tatu la rozari hupotea na kurudi la kwanza, tungesali mpaka jogoo awike.

Nimekusudia kwenda Luena. Nitamwandikia karani mwisho wa mwezi ujao. Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Kitwa


Mulongo, 5 Septemba 1948

Mdogo wangu,

Hujambo? Ève je? Nimengoja jibu la salamu zangu mbili nilizompa Sudi, hakuna. Kama umeshakwenda Luena, Ève akutumie barua hii.

Sikukasirika. Kukasirika nilimaliza mwezi wa sita. Nina hofu. Nakumbuka ulivyokuwa mdogo, ukishindwa kubeba mtungi ulikuwa unauweka chini na kuondoka, hata maji yakimwagika. Ningekuwa na nguvu ningekuja mwenyewe. Nakuombea kila jioni, nusu zote mbili.

Yaya yako,
Kyabu


Kamina, 17 Oktoba 1948

Yaya yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Tu wazima, na niko Kamina. Miguu yako inaendeleaje?

Siku ya mwisho ya Agosti nilikaa mezani kumwandikia karani kwamba nakubali. Nilikuwa nimeshaandika salamu na jina lake. Ndipo nikaiwaza ile kazi: kila alfajiri nasimama mbele, naita jina, wanaitika wao. Nikaona nakwenda Luena kufanya kilekile kilichonichosha. Nikaweka kalamu chini.

Jioni ile niligonga reli, nikamkabidhi Mama Umba rozari, nikaenda nyuma. Kapela nzima iligeuza shingo. Mzee Banza alisogea kunipa nafasi kwenye gogo, akaninong'oneza: "Karibu, mwalimu. Weye pia uko na babibi babili?" Nikamwambia ninaye mmoja na ananitosha. Akasema: "Basi itika na nguvu. Hapa nyuma tusipoitika na nguvu, kule mbele habasikie."

Yaya, yule mzee sakramenti hapewi, kuongoza hapewi, na miaka yote hii ameitika kila jioni. Nami nilikuwa nikisikia sauti yake kwa mbali nikiona inanisumbua. Nilipoanza kuitika, nilifika "sisi wakosefu" nikakwama. Banza akanimalizia, na iliyofuata, na iliyofuata. Nililia. Nilikuwa nimesahau kwamba nami naruhusiwa kuomba.

Mama Umba alipotea kwenye fumbo la tatu, kama nilivyokuambia. Hakuna aliyekufa.

Maneno yalikuja, tena kwa mbio. Kisimani Ève aliulizwa mke mwenzake anaitwa nani. Aliwajibu kwa namna ambayo siwezi kuiandika katika barua. Padri alipopita kwenye ziara yake alinikuta bado niko kwenye gogo, akanihoji, nikamweleza yote, hata ule ukavu wa moyoni. Akasema niitike siku tatu za juma na niongoze zilizobaki. Karani nimemwandikia kwamba siendi.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Kuna jioni bado pakavu kabisa. Lakini asubuhi sasa nasali peke yangu kabla sijagonga reli, polepole, nikianza na nusu ya pili.

Mdogo wako anayekushukuru,
Kitwa


Mulongo, 14 Novemba 1948

Mjomba Kitwa,

Shikamoo. Naandika mimi Léa, mama hawezi kushika kalamu. Hamjambo nyote? Huku si kuzuri. Uvimbe wa miguu umepanda hadi tumboni na pumzi inamwishia. Muuguzi amekuja mara mbili.

Barua yako nilimsomea mara tatu. Alicheka sana pale pa mzee Banza, hadi nikaogopa. Amenituma niandike maneno yake kama alivyosema: "Umuambie Kitwa, miye sasa niko naweza nusu ya kwanza tu, pumzi inaisha. Ile ingine asinimalizie na barua. Akuye." Uje, mjomba.

Mpwa wako,
Léa


Kamina, 24 Novemba 1948

Yaya yangu,

Barua ya Léa imefika leo mchana. Sikuulizi hali.

Natoka kesho kwa treni hadi Bukama, na huko nitapanda meli ya kushuka mto. Ève anakuletea unga wa mahindi, tunakuja wote wawili. Kapela nimemwachia Mama Umba, na mzee Banza ameahidi kumkumbusha hesabu za mafumbo kutoka kulekule nyuma.

Léa akusomee hii polepole. Jioni, saa ya sala, wewe anza tu, sema mpaka pumzi inapokuishia, kisha pumzika. Usihangaike na iliyobaki. Kwenye treni, kwenye meli, popote nitakapokuwa saa hiyo, naitika mimi.

Mdogo wako,
Kitwa