Sikuinusa Sufuria

Birmingham,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanaesha, Wiyoni, Amu.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mikono yote miwili, nje na ndani. Vipi goti lako la kushoto? Bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta, au Kaka Twalibu ameshakutilia ile fito ya kushikia aliyokuahidi tangu Ramadhani? Huyo fundi wa milango ya watu, yakifika ya nyumbani kwao huwa ana kazi nyingi. Na macho je, yale maji yaliyokuwa yakitoka ukikaa karibu na moshi yamekatika? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Wa mwili tu.

Nimeandika karatasini kwa sababu simu zangu huzipokei, na sikulaumu. Hati hizi za kizungu hukusomeshwa, kwa hiyo najua utampa mkoi wangu Rukia akusomee. Rukia, binamu yangu, salamu sana. Soma kama nilivyoandika, usiruke mahali, hata utakapolikuta jina lako.

Mama, nimekuja kukuomba radhi. Nalisema hapa mwanzo kwa kuwa najijua, nikianza kuzunguka nitazunguka mpaka karatasi iishe. Ile sauti niliyoituma katika kundi la familia, niliyosema kwamba ambari unayoitia katika udi wako si ambari, ilikuwa uongo. Sikukusudia kusema uongo, lakini ulikuwa uongo, na nimejua hivyo kwa miezi minne bila kukwambia.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana huku hujapata kukuona. Watu wa mtaani wakisikia mimi ni mkemia hudhani natengeneza dawa. Sitengenezi kitu, Mama. Wenye viwanda hutuletea sabuni, krimu na marashi yao, nasi tunawaambia ndani mna nini. Unachukua kidogo, unakitia katika mashine, na mashine inachora vilima kwenye kompyuta. Kila kilima ni kitu chake: huyu waridi, huyu sandali, huyu miski. Kazi nzuri ukiwa nayo. Ila habari za wanakemia siku hizi ni za kuhuzunisha. Kila mara tunasikia chuo fulani kimefunga idara ya kemia, maabara fulani imepunguza watu, na kompyuta zimeanza kupendekeza mambo ambayo zamani lazima umuulize mtu mwenye mvi. Yule bibi aliyenifundisha kazi, Sandra, nimewahi kukwambia habari zake, aliitwa asubuhi moja na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshafungasha vitu vyake katika boksi. Mimi kibali changu cha kukaa nchi hii kimeshikana na kazi. Basi tuliobaki kila mmoja anataka aonekane, na hapo ndipo kiherehere changu kilipopata nafasi.

Siku hiyo tulikuwa tunakula, mazungumzo yakaja kwenye miski za kiwandani, zile zinazofanya nguo zinukie wiki nzima baada ya kufuliwa. Watu wameanza kuzitilia shaka, wanasema zikitoka kwenye nguo huenda mitoni zikakaa huko. Mimi nikajitia mjuzi. Nikasema, mama yangu ni mpishi wa udi Amu, na katika udi wake hamna kitu cha kiwandani, mna ambari ya kweli, ile itokayo kwa nyangumi, iliyookotwa pwani ya Kizingitini na watu wa kwao, inarithiwa mama kwa mwana. Wakanitazama kama ninavyotazamwa huku nikianza habari za kwetu. Mmoja akasema, lete tuone.

Nikaleta. Kipande cha ule udi ulionipa katika mkebe wa bati, ukaniambia niutie chetezoni kila Ijumaa, nyumba ya kizungu nayo inukie.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Mashine ile ilikuwa imeshinda tangu asubuhi inapima dawa za kulainishia nguo, zile zilizojaa miski ya kiwandani. Na sheria ya kwanza ya kazi yetu, ile anayofundishwa mwanafunzi kabla hajaruhusiwa kugusa kitu, ni kwamba kabla ya kupima kitu kipya unaiendesha mashine tupu. Tupu kabisa, uone kama imebakiza kitu cha mwenzake. Mimi sikuiendesha tupu. Wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, saa ya kurudi kazini imekaribia, nikaona aibu kuwasubirisha. Nikautia udi wako moja kwa moja.

Kilima kikatoka, kirefu, na jina lake nalijua vizuri: miski ya sabuni. Sikutazama kingine. Walicheka, Mama. Hawakucheka kwa ubaya, mmoja alinipigapiga bega. Mimi nilicheka kuwashinda ili wasiuone uso wangu. Kisha nikatoka nikaenda kwenye ngazi, nikachukua simu, na badala ya kukupigia wewe peke yako, nikasema kule ambako kila mtu anasikia: "Jamani, siri ya Bi Mwanaesha imetoka! Ambari ya Kizingitini kumbe miski ya sabuni! Tumechezewa tangu kwa bibi!" Na kile kicheko changu. Nimekisikiliza tena juzi, nikaizima simu kabla hakijaisha.

Rukia aliipeleka kwa rafiki yake aliyeko Shela. Rukia, usisite, soma. Sikulaumu, ulidhani ni mzaha wa nyumbani, na sauti ilikuwa yangu mimi, si yako. Kutoka kwa rafiki yake ikafika kwa Bi Salma, ambaye harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia na udi wake ulikuwa mikononi mwako. Kaka Twalibu ndiye aliyenieleza yaliyofuata. Kwamba Bi Salma alikuja mwenyewe kutoka Shela, akaitaka sandali yake ya kupikia udi aliyokuletea, mbele ya wanawake waliokuwa wamekuja kukusaidia kusaga. Kwamba uliifunga vizuri katika kitambaa ukampa, ukamkaribisha kahawa, akakataa.

Ulinipigia jioni ile. Nilikuwa nimejiandaa ugombe. Ukasema tu, "Shufaa, mimi natia nilichopewa ni mamangu. Sina kingine." Ukakata. Kaka anasema tangu hapo hujapika udi, na ile sufuria ya shaba imetundikwa ukutani kama pambo.

Sasa ndio nifike palipo pagumu kuliko hapo.

Wiki chache baadaye mteja mmoja alileta malalamiko. Krimu yake haina miski hata chembe, na ripoti yenye jina langu inasema inayo. Mkubwa wangu wa kazi, Bwana Colin, hakunifokea. Aliniambia, iendeshe tupu mbele yangu. Nikaiendesha. Hamna krimu, hamna udi, hamna kitu, na kilima kile kile kikasimama pale, kimetokana na uchafu wa mashine yenyewe. Mama, nilijifunika uso kwa mikono. Bwana Colin alidhani ni kwa ajili ya krimu.

Kabla ya alasiri siku hiyo hiyo mteja alikuwa ameshapata barua: ripoti imefutwa, tumekosea, tunaomba radhi, na jina langu chini. Nimepewa onyo la maandishi. Mashine ilifunguliwa ikasafishwa, na kesho yake nikafika kabla ya watu wote, nikaiendesha tupu, nikaona safi, ndipo nikatia kipande kingine cha udi wako. Miski ya sabuni haikuwamo. Ambari imo. Ambari ya kweli, Mama, haina shaka yoyote. Nilikaa kwenye kiti pale peke yangu nikasema astaghfirullah mpaka ulimi ukakauka.

Na nikanyamaza. Mgeni niliyemkosea katika krimu yake alipata haki yake kwa siku moja. Wewe nimekuweka miezi minne.

Nilijipa sababu nyingi. Nikasema ngoja hasira zake zipoe. Ngoja nijue kwanza kama mkataba utaongezwa. Ngoja nije mwenyewe, jambo hili halisemeki kwa mbali. Yote hayo ni maneno. Ukweli ni kwamba yule mteja hajui sura yangu, lakini huko ningelazimika kusema nimekosea mbele ya watu wanaonijua tangu nikiota meno, walionisindikiza hadi gatini siku ninaondoka, wanaoniita Daktari ingawa nimewaambia mara mia mimi si daktari wa watu. Niliona ni afadhali wewe uitwe mdanganyifu kuliko mimi niitwe asiyejua kazi yake. Nimeliandika neno hilo mara tatu nikalifuta, na sasa nimeliacha. Rukia, lirudie kumsomea.

Kilichonivunja ni mkutano wa wanakemia wiki iliyopita. Siku hizi katika fani yetu makala nyingi za utafiti zinafutwa, watu wanakimbilia kuchapisha kwa hofu ya kazi, halafu mambo yanaonekana hayakuwa hivyo. Vijana wengi hulaumu wakubwa, wakubwa hulaumu vijana. Sasa akasimama mzee mmoja, profesa, mtu ambaye wengine pale walikuwa wanataka kupiga picha naye. Akasema, kazi yangu mliyoisoma si kweli, vyombo vyangu vilikuwa na uchafu nami sikuangalia, wanafunzi wangu hawana kosa, kosa ni langu. Akarudi kukaa. Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nalia, na mwanamke nisiyemjua akanipa karatasi ya kujifutia akidhani nina mafua.

Nikakukumbuka jikoni. Kabla hujatia sukari ya udi huinamia sufuria ukainusa, hata kama umeisugua mwenyewe kwa ndimu na majivu. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza, mbona wanusa kitu kisafi? Ukanijibu, "Yana usiku alikitumia nani, mimi sijui. Pua ndiyo ijuayo." Wewe hukuingia chuo chochote ila cha Kurani. Mimi nimesomeshwa miaka yote ile, nimevuka bahari na vyeti katika mfuko wa nailoni, na sikuinusa sufuria.

Nataka kufanya mambo mawili, kwa ruhusa yako. Barua hii ikishasomwa kwako wewe kwanza, Rukia anijulishe. Hapo nitasema katika kundi lile lile, kwa sauti yangu, bila kucheka, na Rukia aipeleke kwa kila aliyempelekea ile ya kwanza. Na Bi Salma nimemwandikia barua yake mbali, imo ndani ya bahasha hii. Usipotaka ifike, ichane. Binti yake ameshaolewa bila udi wako, na hilo siwezi kulirudisha. Najua udi wa harusi huwa unaupika kwa wiki nzima huku unamwombea bibi harusi, na huyo hakuombewa.

Jambo jingine ulijue. Udi wako nilipoupima mara ya pili, niliiambia mashine inioneshe mahali pawili tu, pa miski na pa ambari. Mengine yote uliyoyatia sikuyatazama, na nilipomaliza nililifuta faili, na lile la mara ya kwanza pia. Siri yako sinayo, Mama. Sikutaka kuipata kwa kuiba baada ya kukutia aibu.

Mkataba wangu unaisha karibuni na Bwana Colin amesema haahidi kitu. Huenda nikarudi na sanduku nililoondoka nalo. Zamani wazo hilo lilininyima raha kabisa, sasa naona haya zaidi kurudi nikiwa na kazi na wewe hunisemeshi.

Nisalimie Kaka Twalibu, na mwambie fito ya ngazi. Nisalimie Mama Mdogo Zuhura, anayekuletea asumini, najua alikutetea mbele ya wale wanawake, na nikija nitambusu kichwa. Nisalimie Ami Shee, anayeadhini msikitini kwetu, aniombee dua. Rukia, ahsante kwa kusoma. Mfute mama machozi kama yapo, na kama hayapo usimwambie mimi nilidhani yatakuwapo.

Mama, iteremshe sufuria. Ukiweza kunisamehe nisamehe, na usipoweza, iteremshe hivyo hivyo, watu wakuone unapika. Mimi nitakuja. Ukifika wakati wa kutia vile vitu vyako vya mwisho, na ukafunga mlango wa jiko kama ulivyokuwa ukinifungia nikiwa mtoto, nitakaa nje ukumbini, nitanusa kutoka huko, na sitagonga.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Shufaa