Chenga za Kanda ya Naguru

Usonga,
8 Februari 2004

Shemeji yangu Obonyo,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mimi na watoto tu wazima, ila mdogo anakohoa. Sijui huko Kampala mnaamkaje, na kama ile homa yako imekuachia. Sweta uliyonitumia imefika. Kijani namna hiyo! Wanawake wa mtoni walinitania hadi nikaivua, halafu baridi ikanitia adabu nikaivaa tena.

Sasa jambo lenyewe. Baba mkubwa wenu ameita wazee. Wanasema kaka yako Ondiek ana miaka minane hajulikani alipo, tangu apande lori na kamera yake kwenda kupiga harusi Gulu, na boma haliwezi kuendelea hivi. Wanataka kuzika yago. Mimi ni Msamia, lakini nimekaa kwenu siku nyingi, najua maana yake. Lile tunda refu la mti litavikwa shuka, litalazwa kwenye jeneza badala ya mwili usiopatikana, na udongo ukisharudishwa mimi ni mjane. Halafu nitafutiwe ndugu wa kunisimamia. Jina lako ndilo liko midomoni mwao, usishtuke.

Shemeji, sitaki. Mtu sijamwona amekufa nitamlilia vipi? Watoto wananiuliza baba alikuwaje, na picha zote zilioza kwenye mafuriko ya mto Nzoia. Imebaki kanda ya harusi ya dada yenu Celestine, pale Naguru, mwaka wa tisini na nne. Ondiek aliipiga mwenyewe akaniletea, kwa sababu nilikuwa nimejifungua sikuweza kuja. Sauti yake imo: "Dada, tazama huku." Na kuna mahali, chumbani kwa bibi harusi, kamera inapita mbele ya kioo cha kabati, naye anaonekana humo, kufumba na kufumbua. Siku hizi ni chenga tupu. Wewe ndiyo kazi yako, nakuomba uisafishe, watoto wamwone baba yao. Kanda nimempa kondakta wa basi la Busia akuletee.

Ni mimi shemeji yako,
Nabwire


Kisenyi, Kampala,
22 Februari 2004

Mpendwa shemeji Nabwire,

Nimefurahi kusikia mko wazima, na mpe pole huyo wa kikohozi. Homa yangu imekwisha, umebaki uchovu wa Kampala ambao hauna dawa. Kuhusu wazee, mimi sikalii kiti cha kaka yangu. Waambie nimesema.

Kanda ilifika na kuvu nyeupe ukingoni. Niliifungua, nikaikausha, nikaipangusa kwa spiriti na kitambaa laini, nikasugua kichwa cha deki ya video, na picha ikarudi. Niliposikia "Dada, tazama huku" nililia, shemeji, mbele ya wateja, wakadhani nimefiwa.

Kuiingiza kwenye kompyuta na kuitoa DVD ni kazi ya Opoka, mwenye duka. Huyu bwana hapendi chenga hata moja. Harusi zote tunazotoa hapa, bibi harusi ana uso laini kama sahani, hata kama alikuwa na ndui. Nilimwambia hii ya kaka aiguse kidogo tu. Akacheka: "Wewe Obonyo, mimi natoa hii chafu yote, ssebo. Kasitoma nataka picha safi." Mimi nikaitwa Kawempe kutengeneza deki ya mtu. Niliporudi DVD ilikuwa tayari na basi linataka kuondoka. Nimetazama mwanzo tu, inang'aa. Kanda yenyewe nimebaki nayo, isije ikaumia njiani.

Wasalimie wote.

Ni mimi shemeji yako,
Obonyo


Usonga,
14 Machi 2004

Shemeji Obonyo,

Hatujambo, kikohozi kimepoa. Wewe je? DVD ilifika, na ningejua ningeificha chini ya godoro.

Tuliitazama kwa katekista Saverio, maana ndiye mwenye mashine na jenereta hapa senta. Baba mkubwa alikuja na wazee wake, wakakaa mbele. Picha ni safi kweli, nimeona hata shanga za Celestine. Sauti ikasema "Dada, tazama huku." Kamera ikageuka, kioo kikaja. Kitanda kimo ndani ya kioo, pazia limo, shela iliyotundikwa imo. Ondiek hayumo. Saverio akarudisha nyuma, tena na tena. Mwanangu mkubwa akauliza nani ameshika kamera.

Baba mkubwa akasimama. "Hata mashine ya Kampala imemtafuta ikamkosa," alisema. "Mnangoja nini?" Maziko ni Jumamosi baada ya Pasaka. Yago limeshachaguliwa. Liko juu ya mti bado, wamelifunga kitambaa cheupe, nami nalipita kila nikienda mtoni.

Shemeji, kwenye kanda nilimwona kwa macho yangu haya. Amekwenda wapi? Nijibu upesi.

Shemeji yako,
Nabwire


Kisenyi, Kampala,
28 Machi 2004

Shemeji Nabwire,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta mapema. Nimepiga simu ya Saverio hadi nimechoka, haishiki.

Usikubali wazike! Kosa ni la mashine, na langu mimi nisiyetazama hadi mwisho. Kompyuta ya Opoka inalinganisha kila picha na iliyotangulia na inayofuata. Kitu kikitokea mara moja na kupotea, inakihesabu uchafu, inakifuta, kisha inaziba pengo kwa kilicho karibu. Hata mvua inaifuta hivyo hivyo, na mchele wanaorushiwa maharusi. Kaka alipita upesi kwenye kioo, ikamfuta, ikaziba kwa pazia. Wasomee wazee maneno haya kama yalivyo.

Nimerudi kwenye kanda yenyewe, sikusafisha chochote, chenga zote zimo. Yumo, shemeji. Nimeisimamisha picha pale pale.

Sasa hili sijui nikuandikieje. Wakati wa harusi ile kaka alikuwa kijana, nywele nyeusi tii. Huyu kwenye kioo ana mvi. Ana kovu linaloshuka kutoka kwenye paji hadi nyusi ya kushoto. Na hana kamera. Mikono yake iko chini, anatutazama tu. Nilimwita Opoka. Alitazama, akazima televisheni kwa mkono wake, akaniambia, "Hii kanda peleka kwenu. Mimi siguse tena." Tangu hapo amehamisha meza yake karibu na mlango.

Naogopa, lakini pia nina furaha, siwezi kuficha. Maiti haioti mvi. Zuia maziko hayo kwa njia yoyote.

Shemeji yako,
Obonyo


Usonga,
25 Aprili 2004

Shemeji,

Leo sina salamu ndefu. Watoto ni wazima, nimewapeleka kwa mama yangu, kwetu Samia.

Barua yako ililala kwa kondakta Pasaka yote, mizigo ilimzidi. Imenifikia Jumapili iliyopita, siku moja baada ya maziko. Yago liko chini ya udongo. Nimenyolewa. Nilimpa baba mkubwa barua, akaisoma yote, akaikunja vizuri. "Tumeshazika," akasema.

Alhamisi jua likizama, mtu akasimama langoni. Mbwa hawakubweka. Nilikuwa mlangoni mwa jiko, nikaona mvi, nikaona kovu juu ya jicho la kushoto. Mikono iko chini. Baba mkubwa akatuzuia wote kwa fimbo. Mila yenu unaijua: mtu aliyekwisha kuzikwa hapitishwi langoni, wala akiita haitikiwi, maana amekuja kuchukua mtu. Naye akaita. "Nabwire, tazama huku." Ni sauti ile ile ya kwenye kanda. Nilitaka kuitika, wake wa ndugu zenu wakaniziba mdomo kwa viganja. Akangoja. Alingoja mpaka giza likaingia, halafu akageuka akashika njia ya lami.

Nina hasira hata naiogopa. Kama ni mzimu, ni mzimu wangu. Kama ni mtu, basi tumemfungia nje mtu mwenye njaa, nyumbani kwake, kwa sababu ya picha safi. Kesho alfajiri namfuata. Nitavaa sweta yako, njiani kuna baridi. Kanda usiisafishe, shemeji. Usimruhusu mtu aiguse.

Nabwire


Kisenyi, Kampala,
16 Mei 2004

Mpendwa shemeji Nabwire,

Hujambo? Natumaini hujambo. Mimi ni mzima, na Celestine anakusalimu. Barua hii namtumia Saverio akutunzie. Ameniandikia kwamba tangu Jumatatu ile uliyoondoka hujaonekana, si nyumbani, si Busia, si kwa mama yako. Celestine ameulizia kila basi linaloingia Kampala.

Jana nilikaa na kanda mchana kweupe, mlango wa duka wazi, makelele yote ya Kisenyi yakiingia. Sikusafisha kitu. "Dada, tazama huku." Nikasimamisha. Kitanda kimo, pazia limo, shela imo. Kaka yumo, na mvi zake. Lakini hatazami huku tena. Amegeuza uso, anamtazama mtu aliyesimama kando yake, mwanamke aliyenyolewa kichwa, amevaa sweta ya kijani.

Wewe hukuja kwenye harusi ile. Mimi nilikuwepo, najua. Na sweta hiyo niliinunua Januari hii, pale soko la Owino.

Humo kiooni unacheka, shemeji. Sijui nikulilie au nishukuru, na yote mawili nimeyafanya. Opoka amenisihi nimpe kanda aifute yote iishe, nimemkatalia. Lakini imechakaa. Kila nikiicheza inachubuka, chenga zinaongezeka, na ipo siku zitawafunika nyote wawili. Kwa hiyo nimeirudisha kwenye kasha lake.

Watoto wako wameniandikia kutoka Samia. Wanataka kuja kuiona kanda, wamwone baba yao kama ulivyowaahidi. Niandikie hata neno moja, uniambie: niwaonyeshe?

Ni mimi shemeji yako,
Obonyo