Wageni Zaidi ya Mia Tatu

Ukunda,
16 Februari 1999

Kwa kaka yangu Kibwana,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba vumbi la Taru halijakuzidi. Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka, kaka, uchovu usioisha kwa kulala. Mama anakusalimu, goti bado lamsumbua.

Barua yako niliipata Ijumaa. Wasema umepata mtu wa kununua kibanda chako cha chai, ili urudi Diani kupika hotelini. Tafadhali soma haya kwanza.

Kazi yangu waijua: kompyuta ya ofisi yetu hutunza kurasa za hoteli kwenye intaneti, na kila ukurasa unapofunguliwa huandikwa mstari mmoja katika faili ndefu. Musyoki, aliyenifundisha kazi, aliniachia karatasi yenye amri tano za kuandikwa kwa mfululizo: moja hufungua faili, tatu huchuja, ya mwisho huhesabu. Kila asubuhi naandika msururu ule, nikikosea nukta naanza upya. Nikaamua kuufupisha. Amri ya kwanza haikuhitajika, kwani ya pili yaweza kuifungua faili yenyewe. Hapo sikukosea. Nikaitoa na ya tatu, iliyoondoa mistari iliyotokana na kompyuta yetu wenyewe kufungua kurasa. Niliijaribu kwanza kwa faili ya Jumapili. Ikiwapo au isiwepo, hesabu ilikuwa ile ile. Nikajiona fundi.

Basi wageni wa ukurasa wa hoteli yenu wakapanda kutoka arobaini kwa wiki hadi zaidi ya mia tatu. Meneja, Bwana Ngui, akasema tangu zile vurugu za mwaka juzi zilizofukuza watalii hajaona dalili njema kama hiyo, akaagiza wapishi wa zamani waitwe.

Kaka, nisamehe. Jumapili ofisi yetu hufungwa. Siku nyingine zote, kila dakika kumi, mimi huufungua ukurasa ule kuona kama unafunguka. Wale wageni ni mimi. Nimelijua hili siku tisa nikanyamaza kwa aibu. Wahenga walisema uvivu nyumba ya njaa. Sikudhani njaa yenyewe ingekuwa yako. Jana nilimweleza Bwana Ngui. Amesema hataajiri mtu.

Tafadhali usiuze kibanda. Kama mmeshapatana, mwambie mnunuzi kosa ni la dada yako.

Nisalimie jirani zako wote. Mama sijamwambia. Ameifua sare yako ya upishi, na hadi naandika haya ingali kambani.

Ndimi mdogo wako,
Yusra