Usilifute Jina la Mama

Iguguno, Mkalama,
Singida.
22 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Deo,

Marahaba, maana najua huko Leipzig umeniamkia kabla ya kusoma. Kama hujaniamkia, rudi juu uanze upya. Hujambo lakini? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Mama anauliza kama bado unakula ugali au umeshageuka mtu wa mikate. Sisi tu wazima, Mungu anatusaidia. Mama magoti yanamsumbua asubuhi tu. Jua likipanda anatembea kutushinda.

Alizeti mwaka huu imekubali. Tumeshavuna na kupiga nusu ya shamba, na mashine ya kukamua haipumziki. Ungekuwepo ungebeba magunia badala ya kubonyezabonyeza hivyo vidude vyako.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini. Umesema utalifuta jina la mama kwenye programu yako, uipe jina jingine, ili asisumbuliwe tena. Usilifute. Soma kwanza mpaka mwisho. Ningekupigia simu, lakini wewe hukatiza watu, na mimi nikikatizwa nafoka.

Yaliyotokea uliyasikia nusu. Programu yako inaonyesha bei ya alizeti ya kila soko, wakulima wenyewe ndio wanaoiingiza, na ni bure, ndiyo maana watu wa huku wanaiamini na kuiita Eliana tu, kama wanamtaja mama mwenyewe. Basi Stanley, yule mliyesoma naye sekondari, amefungua kampuni Singida mjini. Akaichukua, akaongeza mambo yake, akaanza kuiuza kwa malipo ya mwezi kwa jina la Eliana Plasi. Matangazo yake yamebandikwa hadi Mkiwa.

Kumbe bei za hiyo Plasi zilikuwa zinachelewa. Jenifa, jirani yetu, akaangalia, akaona bei ya wiki iliyopita, akauza magunia yake yote kwa mwenye lori. Kesho yake akasikia bei ilikwishapanda. Alikuja hapa nyumbani akilia: "Eliana, hata wewe wa kunidanganya mimi?" Mama hata simu ya kugusa hana! Alijieleza, wapi. Jumapili kanisani Jenifa akahamia benchi jingine, akampita mama bila salamu. Deo, mama alilia. Hajalia hivyo tangu tumzike baba. Ndipo aliposema jina lake litolewe, na mimi nikakutumia ule ujumbe.

Unanijua. Asubuhi yake nilipanda basi hadi mjini, nikamwita Stanley mwizi mbele ya wateja wake. Hakunijibu vibaya. Akasema, "Dada Redempta, shikamoo. Kaa kwanza." Akafungua simu, akanisomea maneno uliyoyaandika wewe kwa mkono wako: yeyote aichukue, aibadilishe, hata aiuze. Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mbona hukuniambia, wewe? Nikanywa soda yake kwa aibu.

Lakini sikutoka hivihivi. Nikamuuliza, haya, programu Deo alikupa. Na jina, nani alikupa? Akasema alidhani vinakwenda pamoja, halafu bila jina la Eliana nani angenunua kitu chake. Hapo alisema kweli, masikini, bila kukusudia.

Nilipomweleza mama, alisema, "Ukimpa mtoto jina la mtu, unampeleka kwa mwenye jina amwone. Huyo mtoto wa Stanley mbona sijaletewa?" Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Nikampigia Stanley.

Akaja kweli, tena na kuku! Akamwamkia mama, akakaa, akaifungua hiyo Plasi yake. Mama akataka aone bei ya leo ya hapa Iguguno, ambayo tulikuwa tumetoka kuisikia mashineni. Haikuwa yenyewe. Mama akamrudishia simu taratibu. "Mwanangu, mbegu Deo alikugawia. Panda, vuna, uza, sina kinyongo. Lakini kama kupalilia kumekushinda, shamba liitwe lako, lisiitwe langu."

Stanley hakubisha, ila akauliza jambo la maana: akiliondoa jina lote, si itaonekana kazi yote ni yake, na wewe Deo amekunyima sifa? Mama akafikiri kidogo, akamwambia aseme ukweli basi. Wakakubaliana kuwa yake itaitwa Soko la Stanley, kwa herufi kubwa. Chini itaandikwa kwamba imetokana na programu huria ya Eliana, lakini wenye Eliana hawahusiki na huduma yake. Ameshabadilisha. Alikwenda mwenyewe kwa Jenifa kumwomba radhi, na bei sasa anaziangalia kila asubuhi.

Kazi iliyobaki ni yako. Wewe na wenzako andikeni ukurasa, kwa Kiswahili cha watu, si cha wanasheria. Semeni programu ni ya wote. Anayetaka kuandika kwamba kitu chake kinatumia Eliana, na ni kweli, aandike bila kuomba ruhusa. Ila anayetaka kukiita kitu chake Eliana, hata akiongeza kijineno mbele au nyuma, aje aombe kwanza. Maana Stanley si wa mwisho. Juzi Bansari, mwenye duka la simu mjini, ameniuliza kama anaweza kuandika mlangoni kwamba simu zake zinafungua Eliana. Nikamwambia andika, mradi zinafungua. Kama nimekosea nisahihishe, lakini kwa adabu.

Jumapili iliyopita Jenifa alikaa na sisi tena. Alimsukuma mama kwa nyonga asogee, kama kawaida yake, wakaimba. Nilifurahi mpaka nikasahau kutoa sadaka.

Shemeji yako Kefa anakusalimu sana, anasema ukija umletee shati linalomtosha. Mpwa wako Shukuru amekua, ananifikia begani. Baba mdogo Gasto naye anakusalimu, na bado anauliza utaoa lini. Hilo mjibu mwenyewe.

Jana nilimuuliza mama nikuandikie nini kuhusu jina. Aliacha kupepeta. Neno lake ni hili: "Mwambie aibu niliyoipata haikuniua. Jina nilipewa bure na bibi yake, nami nimempa yeye. Alitunze, asilifute. Siku nisipokuwepo, mtu akimuuliza Eliana bei akajibiwa kweli, hapo nitakuwa nimeitika."

Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ninapokugombeza,

Redempta